Fundi Asiyeuliza Kitu

Nakuru,
Jumamosi asubuhi

Dada Mghoi,

Nimemdanganya mjomba. Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mama huweka simu spika na nyumba nzima husikiliza.

Hujambo lakini? Tumbo limekuwa kubwa kiasi gani, na mgongo bado unakusumbua? Huku mimi mwili ni mzima, baridi nimeizoea, na chakula cha mjomba ni kingi. Ni moyo tu ambao tangu jana haujatulia.

Unajua mjomba hutengeneza injini za magari ya zamani. Juzijuzi Mwalimu Tabitha, mama mjane wa Milimani, alileta gari la marehemu mumewe. Lina umri kumshinda mama yetu. Anachotaka ni kulipeleka shambani kwake Dundori, juu mlimani, bila watu kushuka kusukuma. Mjomba alipofungua injini alikuta kamshafti imelika. Hiyo ni fimbo ya chuma yenye nundu nane. Ikizunguka, kila nundu husukuma valvu ifunguke ili injini ivute hewa au itoe moshi. Mpya haiuzwi tena popote. Inabidi umtafute fundi aichonge upya, na hapa wako wawili.

Mjomba akaniambia, "Wakesho, nenda wewe. Mimi wananijua, wataongea tu ya kunifurahisha. Kaa nao, sikiliza, halafu uniambie nani tumpe."

Dada, hakuna mtu aliyewahi kuniachia uamuzi kama huo. Hata chai sikumaliza.

Nilianza kwa Mzee Kiprono, mwenye kibanda cha mabati huku Kiamunyi. Sijakaa, akaanza. "Gari ni ya nani? Inabeba mzigo? Kabureta ni moja ama mbili? Springi za valvu ni zile za zamani?" Vijana watatu walikuwa kwenye benchi wakinitazama. Nikasema, "Samahani, sifahamu."

"Huyu anaongea kama redio," mmoja akasema, na wenzake wakakicheka Kiswahili changu.

"Wachaneni na yeye," mzee akasema. "Msichana, niambie tu, hiyo gari inaenda wapi?"

Hilo nilikuwa nalijua. Dundori. Ni neno moja tu, na mbele ya wale vijana nikashindwa kulitoa. Nikasema nitarudi, nikaondoka na kamshafti yangu ndani ya gunia.

Fundi wa pili anaitwa Kamau, ana karakana kubwa yenye sakafu iliyopigwa rangi. Aliinyanyua kamshafti kwa mkono mmoja, akasema, "Sawa. Kuja Alhamisi." Basi. Nilimpenda kwa hilo. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyefaulu mtihani.

Jioni mjomba akaniuliza, "Umeongea na wote?"

"Ndiyo."

"Na nani anajua kazi?"

"Wa pili, mjomba. Ana uhakika."

Akaniamini hapo hapo.

Alhamisi ya wiki iliyopita kamshafti ilirudi iking'aa, mjomba akaifunga. Injini ilipowaka ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Mjomba akasema itatulia. Kesho yake Mwalimu akashika usukani mwenyewe, mjomba kando yake, mimi nyuma. Kwenye tambarare gari lilikwenda. Tulipoanza kupanda, nguvu zikaisha. Mwalimu akashusha gia mpaka ya kwanza, injini ikakohoa, ikazima, na tukaanza kurudi nyuma kuelekea trekta lililobeba viazi. Breki zilishika tukiwa tumebakiza hatua chache. Nilikuwa nimeshafumba macho.

Mjomba akasema, "Mama, hii ni mkono yangu. Kuna mahali nimekosea."

"Kwani wewe ni malaika?" Mwalimu akamjibu. "Geuza gari turudi."

Tangu siku hiyo mjomba amefungua kabureta mara tatu. Chakula cha mchana hali. Kila akitafuta kosa analitafuta kwenye kazi yake mwenyewe, na mimi nasimama kando nikimpa spana.

Jana nikashindwa kuvumilia. Nikachukua maikromita, kile kipimo chake kidogo cha chuma, nikaenda kwa Kamau. Kwenye rafu kulikuwa na kamshafti kama kumi zinazongoja wenyewe: ya pampu ya maji, ya pikapu, ya gari la mashindano. Nikaomba kuzipima.

"Pima tu, mrembo."

Nundu za kamshafti zote zilikuwa na kimo kimoja. Nikapima tena nikidhani nimekosea.

"Mbona zote ziko sawa?" nikamuuliza.

"Kielelezo niko nacho ni kimoja, cha gari ya mashindano. Kila mtu anataka nguvu. Si nawapa nguvu?"

"Na pampu ya maji?"

"Hiyo pampu iko na mbio," akasema, akacheka.

Dada, hata sasa siamini. Nundu za mashindano huipa injini nguvu ikizunguka kwa kasi sana tu. Ikipanda polepole haina kitu. Hakuniuliza gari linakwenda wapi kwa sababu jibu langu lisingebadilisha chochote. Na huyo ndiye niliyemchagulia mjomba.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Kiprono. Wale vijana walikuwepo. Nikasema Dundori, nikasema kabureta ni moja, springi ni za zamani, na mwenye gari ni mjane. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilitoka. Akaandika kwa chaki ukutani. Akasema kamshafti haijafa: atazijaza nundu kwa kuchomelea, kisha azichonge upya ziwe za mlimani.

"Mjomba wako anajua uko hapa?"

"Hapana."

"Basi kwanza aitoe kwa injini," akasema. "Hapo siwezi kukusaidia."

Namsikia mjomba nje sasa hivi akifungua kabureta mara ya nne. Nikikunja karatasi hii nakwenda kumwambia. Huenda akanirudisha nyumbani, na sitamlaumu.

Nisalimie baba, umwambie viatu alivyoninunulia bado havijatoboka. Nisalimie bibi mzaa baba, na shemeji, na yule mdogo wetu wa mwisho, asiguse vitabu vyangu.

Barua hii itakufikia Jumatatu kwa basi, na mjomba atakuwa ameshajua. Hata hivyo mama usimwambie, hata akikuuliza mbona nimekuandikia wewe peke yako. Atampigia kaka yake simu kuniombea radhi, kama alivyokuwa akinisemea kwa walimu, kanisani, hata dukani. Safari hii naomba anyamaze, na hawezi kunyamaza akijua. Kwa hiyo asijue, Dada. Ibaki kwako.

Mdogo wako,
Wakesho