Samaki Chini ya Kofia

Mpendwa Ba Tata Chisanga, baba yangu wa kazi,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako, Mungu anisamehe.

Unakumbuka ulipoletwa kuwa mkubwa wa kituo chetu cha kununua samaki hapa Nchelenge kando ya ziwa, mwanzoni mwa miaka hii ya sabini? Bosi aliyekutangulia alikuwa akiondoka kila jioni na kapu zima, nasi wapima mizani tukiondoka na samaki mmoja mmoja chini ya kofia. Hatukuuita wizi. Tuliuita mbasela, ile nyongeza anayopewa kila mnunuzi sokoni.

Jioni yako ya kwanza ulisimama mlangoni kutuaga, ukamvulia kofia kila mtu, hata mfagiaji. Nani abaki na kofia mbele ya mkubwa aliyevua yake? Tukavua. Samaki sita walianguka sakafuni, na wangu alikuwa bado anapiga mkia.

“Na huyu, jina yake nani?” ukaniuliza kwa upole.

“Mbasela, Ba Tata.”

Hukumfukuza mtu. Ulikwenda nyumbani mikono mitupu kila siku, nasi kwa aibu tukafuata, ingawa mke wangu alikulaani wiki nzima.

Lakini nilikuficha jambo. Kwenye mizani kulikuwa bado na kipande cha chuma nilichokifunga enzi za yule bosi, ili samaki wa wavuvi waonekane wepesi. Kisha siku moja ukamgombeza Mama Ngalula, mchuuzi wa kutoka Kongo, kwamba samaki wake wameoza, kumbe gunia ulilolikataa lilikuwa zima. Ukatoka ofisini ukaja uwanjani, mbele yetu sote.

“Mama, kosa ni ya mimi. Unisamehe.”

“Ye! Shefu anaomba musamaha kwa mutu kama mimi?” Akakaa juu ya samaki wake mwenyewe kwa mshangao.

Nilikuwa na watoto saba na kazi hiyo moja tu. Hata hivyo nikakufuata ofisini, nikaweka kile chuma mezani. Ukakipima mkononi.

“Utaambia wavuvi weye mwenyewe. Kesho ufike kazini mapema.”

Jioni ileile niliwaambia, wakanitukana mimi na mababu zangu. Kesho yake nikafika mapema.

Sasa wapima mizani wangu wananiletea makosa yao kabla sijamaliza chai. Wananichosha, Ba Tata! Jana mwanamke mmoja mgeni kazini akaniletea kosa langu mimi, akanionyesha kwa kidole bila kutetemeka. Nikamshukuru, nikatoka nje, nikalia, nikasingizia moshi wa samaki.

Lala salama kaburini, Ba Tata. Nimekukumbuka mno.

Mwanao wa mizani