Rili ya Tano na ya Sita

Jumamosi, 4 Mei

Jina lake limepita kwenye skrini leo. Sekunde tatu — nimezihesabu. "Mhariri", halafu jina la binti yangu, herufi nyeupe juu ya weusi. Watu walikuwa wameshaanza kupapasa mikoba yao gizani. Mimi nikakaa. Mfagiaji akafika na ufagio wake, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nimepata.

Wengi hudhani mhariri wa filamu ni mtu wa kufuta makosa. Sivyo. Wapiga picha humletea vipande vya saa na saa. Yeye ndiye anayeamua kipi kitangulie, kipi kifuate, kipi kitupwe. Hamisha kipande kimoja tu, umehamisha maana yote. Hilo nalijua kuliko watu wengi.

Tulikwenda watatu: mimi, Kipimo fundi cherehani, na Bi Mkunga, aliyestaafu lakini bado anatukagua sote kama vichanga. Hatujamaliza kutoka mlangoni, ubishi umeanza. Kipimo: filamu za siku hizi zinakimbia kama zimefukuzwa na mbwa, hujamjua mtu ameshakufa. Bi Mkunga akamkata: "Na za kwenu je? Mtu akishika kitasa, mimi nakwenda msalani, narudi, bado anafungua mlango! Na steringi wenu akipigwa risasi hafi mpaka ahutubie!"

Nilicheka hadi nikashika ukuta.

Lakini kuna kipande kimoja hawakukibishania. Mwanamke anapiga pasi. Mumewe tumeshamwona akizikwa. Mlango unafunguka, mume anaingia, anatundika kofia, anakaa. Mke hainui macho. Pasi inaendelea. Kwisha.

Kipimo alisimama kwenye kona. Kisha akasema polepole, "Hiyo ni ya picha ile ya zamani, ya fundi wa saa. Mwanao ameitoa kwa fundi wa saa." Nikasema ndiyo. Nilimsimulia mwenyewe alipokuwa mdogo, mezani, mara nyingi kuliko alivyotaka kusikia.

Fahari ilinijaa mpaka kooni. Na kitu kingine pia, kidogo, chini ya fahari.


Jumatatu, 6 Mei

Kikao kwa Kipimo. Cherehani ile ile ya kukanyaga, futi shingoni, vumbi la chaki kwenye nyusi. Tumelinganisha picha ya binti na ile ya fundi wa saa, tangu saa nane mpaka chai ikapoa mara mbili.

Niiandike, nisije nikasahau jinsi tunavyoisimulia. Mzee anatengeneza saa. Ana kijana mmoja, anafanya kazi machimboni. Machimbo yanaporomoka, kijana anazikwa. Kisha — jioni, chumba kimoja, dakika kumi na mbili bila neno — mlango unafunguka na kijana yule yule anaingia. Ananawa. Anakaa mezani, anakula. Mzee ameinamia saa yake, hamwoni. Kijana anamaliza, anamtazama baba yake kwa upole, anaondoka.

Bi Mkunga anasema ya binti ni bora kwa sababu ni fupi: "Kaingia, katundika kofia, nimelia, basi. Ya kwenu nililia nikamaliza, nikaanza kusikia njaa." Kipimo hakucheka. Alisema ya zamani ni bora kwa sababu kijana anakula. Maiti haili. Anayekula hana kinyongo.

Najua kwa nini anasema hivyo. Aliniambia mara moja tu, na mimi sijamwambia mtu. Mwanawe alikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi ile alisema, "Baba, naenda," na Kipimo alikuwa anakata suti ya bwana harusi, hakuinua kichwa. Alijibu "mm". Saa mbili baadaye watu wakaja kumwambia pikipiki iko wapi na mtoto yuko wapi. Miezi miwili baada ya mazishi akaja kwenye ukumbi wetu wa sinema, akaiona picha ile. Akarudi mpaka zikatimia mara nane. Tangu hapo mlango wake wa nyuma hautiwi komeo.

Binti alipopiga simu kusalimia, Bi Mkunga akaipokea yeye na kurudia mzaha wake wa kila mwaka: "Siku nilipokutoa, babako alifika anahema, mikono myeusi. Namwambia umepata binti — anasema 'nimekosea, mama, nimekosea!' Mtu wa namna gani huyu?" Nikamsikia binti akicheka upande wa pili. Ni kicheko cha meno. Nakijua.

Miaka thelathini na tisa ya mzaha huo. Sijaukanusha hata siku moja.


Jumatano, 8 Mei

Bango jipya kwenye ukuta wa ukumbi wetu wa zamani. Wameufungua tena, rangi mpya, viti vipya. Jumamosi ya tarehe 18, saa tisa alasiri: picha ya fundi wa saa! Wataalamu wameikuta kopi safi ghalani, wameifuta mikwaruzo yote, "kama ilivyotoka mkononi mwa watengenezaji".

Kipimo ameshakata tikiti nne. Alinikumbatia katikati ya barabara, mtu mzima huyu. "Fundi Mwanga! Tutaiona tena kabla hatujafa!"

Nilitabasamu. Nikalisoma bango mara ya pili.


Alhamisi, 9 Mei

Sijaliandika hili popote. Nitaliandika leo, taratibu, kwa mpangilio, kama ninavyopenda mambo yaelezwe.

Filamu za wakati wetu hazikuja kwenye kitu kimoja. Zilikuja kwenye mikebe ya bati, kila mkebe na gurudumu lake la filamu. Sisi tuliyaita rili. Picha ile ilikuwa na rili kumi. Chumba cha mashine kilikuwa na projekta mbili. Moja ikikaribia kumaliza, kiduara kidogo kinatokea juu kulia kwenye skrini. Unawasha ya pili, unazima ya kwanza, na mtazamaji hajui kitu. Nilifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Sikuwahi kukatiza onyesho. Hata siku moja! Wenzangu wa kumbi nyingine waliunguza filamu, walilala, walilewa. Mimi hapana. Naandika bila kujisifu — au nikijisifu, ni haki yangu.

Siku ya kwanza ya picha ile, wakati wa rili ya nne, simu ya chumba cha tikiti ikalia. Mke wangu, Mungu amrehemu, ameanza uchungu. Nilikuwa na rili mbili wazi mezani, ya tano na ya sita. Nikanyoosha mkono bila kutazama. Nikaweka ya sita.

Niligundua mazishi yalipoanza. Mazishi! Na kijana hajaonekana akirudi nyumbani! Kwa maana hivyo ndivyo picha ilivyotengenezwa: baba na mwana wamegombana, kijana anarudi jioni, anakula, baba kwa ukaidi hainui macho, kijana anaondoka, na kesho yake machimbo yanamfunika. Ndiyo picha yenyewe. Kali kama wembe.

Ningewasha taa nikaomba radhi. Sikuweza. Nikaiacha sita iishe, nikaweka tano, nikasubiri miluzi na viti kurushwa.

Kimya. Mlango ule ulipofunguka na marehemu akaingia, ukumbi mzima ulivuta pumzi mara moja — niliisikia kupitia tundu la ukuta. Mapumziko yalikuja hapo hapo, na muuza soda hakuuza hata chupa moja.

Nikamaliza rili zote, nikakimbia, mikono imejaa masizi ya kaboni za taa ya projekta. Bi Mkunga akanipa habari mlangoni, na mimi nikasema kile kilichokuwa kichwani: nimekosea. Alinigombeza pale pale. Ningemweleza kwa sentensi moja. Lakini fundi akiri kwamba alichanganya rili? Afadhali niitwe baba mjinga. Ndivyo nilivyochagua, nikiwa nimemshika binti yangu mikononi.

Kesho yake nilikaa na rili zile mbili, moja kila mkono. Siku ya kwanza nilikosea. Siku ya pili niliamua. Wiki tatu nzima niliionyesha kwa mpangilio wangu. Wenye picha hawakujua.

Na niseme kweli, maana hapa hakuna wa kunisikia: sijutii kipande kile. Ndiyo filamu pekee niliyowahi kutengeneza. Na binti yangu amejenga ya kwake juu yake.


Jumapili, 12 Mei

Binti amekuja. Kakaa kwenye kiti cha mama yake, kavua viatu.

"Baba, kazini tumepewa tuitazame ile kopi iliyosafishwa." Nikasema vizuri. "Kijana anaingia kabla ya mazishi. Si baada." Nikamimina chai. "Baba, umenisimulia mara mia. Kipande changu chote — nilibishana na mwongozaji wiki mbili ili mume aingie baada ya kuzikwa. Nikamwambia wakubwa walishafanya hivyo."

Nikasema labda hao wasafishaji wamekata upya.

Alinitazama. Mtu anayeishi kwa kutazama nyuso mahali mdomo unaposema hiki na jicho kile! Aliosha kikombe chake, akanibusu kipajini, akaondoka.

Nimemdanganya mwanangu. Kwa sauti ya mwalimu.


Jumanne, 14 Mei

Nilikwenda kwa Kipimo nimwambie. Alikuwa anapiga pasi shati jeupe. La Jumamosi, kasema. "Huwezi kumpokea mgeni na shati la kazi."

Sikumwambia.


Alhamisi, 16 Mei

Bi Mkunga amenikuta sokoni nimesimama mbele ya vitunguu, sinunui. Akauliza ninaumwa nini. Nikasema kuna jambo, nikilisema litamuumiza mtu mmoja, nisiposema linamuumiza mwingine. Hakuniuliza majina. "Mficha uchi hazai," kasema. "Nimeliona hilo chumbani kwangu miaka arobaini, mzee, wala si methali. Wanaobana miguu kwa haya ndio wanaochelewa." Kisha akanipangulia vitunguu vibovu kwenye kikapu.


Jumamosi, 18 Mei. Korido ya ukumbi, wakati wa mapumziko

Naandika nimeketi chini ya ngazi za chumba cha mashine.

Tulikaa hivi: Bi Mkunga, Kipimo, mimi, binti. Shati jeupe liling'aa gizani. Picha safi kweli — sikujua kwamba ukuta wa karakana ya yule mzee ulikuwa na kalenda! Nikanong'ona hilo, Bi Mkunga akanipiga kiwiko: "Acha kufundisha!"

Kisha mlango ukafunguka na kijana akaingia. Hai. Kipimo akanishika mkono kwa nguvu. "Bado hajafa," kasema, si kwa kunong'ona. Watu wakageuka. Kijana akanawa, akala. Baba hakuinua macho. Kijana akaondoka. Na alipofika mlangoni — hili sikulikumbuka, Mungu wangu, au nilijisahaulisha — midomo inatikisika. Bila sauti. Mtu yeyote anaweza kusoma. Anaaga.

Halafu machimbo. Halafu mazishi. Kipimo alikaa kama ubao.

Taa zikawaka. Akasimama. "Wamechanganya," kasema. "Wameweka ya mbele nyuma! Kazi ya watu gani hii?" Bi Mkunga: "Mwache Fundi Mwanga akaseme, kaa chini wewe." Hakukaa. Alipita magoti ya watu, akapanda ngazi hizi, namsikia anagonga mlango nilioufungua mimi miaka thelathini na moja.

Mwendesha mitambo wa sasa ni mama mmoja mpole. Sauti inashuka yote huku chini. Kipimo: "Mama, samahani, rili zako umezigeuza." Yeye: "Mzee wangu, hapa hakuna rili. Ni faili moja, mwanzo mpaka mwisho. Haigeuki hata nikitaka."

Kipimo kasema: "Lakini mimi niliiona. Humu humu. Mara nane."

Yeye: "Enzi za mikebe? Basi aliyekuwa humu ndani ndiye aliyeigeuza."

Binti amekuja kusimama mbele yangu. Amesikia. Anazitazama ngazi, ananitazama mimi, halafu — namwona akihesabu — anatazama mikono yangu. Polepole kabisa kauliza: "Baba. Siku ile. Ulikosea nini?"

Bi Mkunga yuko nyuma yake, kafunika mdomo kwa kiganja.

Ngazi ni kumi na saba. Kipimo ameanza kushuka. Nimesikia kumi na moja, kisha akasimama. Ameniita. Si kwa hasira — ningependa ingekuwa hasira. "Fundi Mwanga. Hebu njoo huku juu."

Nimemjibu nakuja. Nimemwambia binti tupande wote, maana jibu lake na la Kipimo ni moja, na nimechoka kulikata vipande. Amenipa mkono. Kengele ya rili nne za mwisho inalia, watu wanarudi ndani, na hakuna hata mmoja wetu anayeelekea huko. Ngazi ya kwanza bado inalia vile vile ukiikanyaga —