Kukunja Pindo au Kukata Leso

Mpendwa binti yangu Mmbone,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako aliyekuzaa. Mimi ni mzima, ila uchovu, na uchovu si ugonjwa, kwa hivyo usianze kuwaza. Baba yako anakusalimu. Mgongo bado unamsumbua, na bado anaendanga Isecheno kupanda miche ya msitu, na kila jioni anarudi akisema hii ndiyo wiki yake ya mwisho. Amesema hivyo tangu tupate bendera. Dada yake, Senje wako Rebeka, anakusalimu, yuko hapa nyuma yangu anachambua mboga na kuuliza kama jina lake nimeliandika. Nimeliandika. Ndugu yako Petro anakusalimu kutoka Bukura. Shule ya ukulima imemfundisha kuniambia kwamba mahindi yangu nimeyapanda karibu karibu. Ng'ombe mwekundu amezaa. Ingokho yako ile nyeupe bado iko, inataga, na kila mgeni akija nasema ni mgonjwa ili isichinjwe. Kaburi la kukhu, nyanya yako, nimelifagia, nalo nikalisalimia kwa niaba yako. Sasa watu wa nyumbani nimewamaliza. Nisalimie bwana yako Yakobo na mama yake, na hata majirani wa huko Lugari ambao siwajui majina.

Mmbone, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Petro alipopita hapa nyumbani alitaka kuniandikia nikakataa, maana haya si mambo ya masikio ya kijana. Ukiona maneno yamepanda mlima, soma polepole.

Unaikumbuka ile blanketi ya viraka tuliyoianza pamoja kabla hujaolewa? Nimeifikisha kwenye pindo. Na hapo kwenye pindo nimesimama, sijui niende wapi.

Nakumbuka tulivyoianza. Bibi wa misheni aliwafundisha akina mama kushona, nawe ukawa unakuja kukaa miguuni pangu unaokota vipande vilivyoanguka. Ulijichoma sindano, ukanyonya kidole, ukasema, "Mama, blanketi imeniuma kabla haijanifunika." Nilicheka mpaka yule bibi akaniangalia vibaya. Kile cha bluu ni sare yako ya shule. Cha kaki ni suruali ya baba yako, ile iliyopasuka akiruka mtaro huku wanakwaya wote wanamtazama. Chekundu chenye madoa meupe ni gauni lako la sherehe ya Uhuru. Mvua ilitunyeshea pale uwanjani, rangi ikachujuka ikashuka kwenye soksi zako, nawe hukuona haya. Ulisema, "Hata mimi nina bendera yangu, iko miguuni."

Ulipoolewa sikuendelea. Viraka vyote vilikuwa vyako, na wewe ulikuwa umekwenda. Mwaka huu nimeitoa tena sandukuni. Chini nimeweka kitambaa cha mifuko ya unga, katikati blanketi kuukuu ya baba yako, juu viraka. Lakini viraka vimeniishia, na blanketi imebaki fupi. Kile kitambaa cha chini kimezidi kidogo pande zote. Nikikikunja kije juu nikishone, pindo limekwisha, ni kazi ya siku moja. Ila itafunika mtoto tu. Mtu mzima, miguu itabaki nje. Nikitaka ifunike kitanda chenu, na baridi ya huko Lugari naijua, lazima nizungushie kitambaa kingine kipana pande zote nne.

Na kitambaa kinachotosha hapa nyumbani ni kimoja. Leso ya kukhu yako.

Senje anasema ninunue cha dukani. Nikamwambia, kitambaa kipya ukikishona na kikuukuu, siku ya kufua kinajivuta na kumchana mwenzake. Hata Biblia imesema. Akasema, "Basi kata leso, kwani imekuwa mtu?"

Leso hiyo ndiyo niliyokubebea, Mmbone. Nilikubebea siku ya kukupeleka Iguhu kuchomwa sindano, unawaka moto kama jiko, na kukhu yako akitembea nyuma yangu ameshika miguu yako miwili ili isiguse umande. Ulinikojolea mpaka viatuni. Nikataka kulia. Kukhu yako akasema, "Acha. Mtoto anayekufa hana nguvu ya kukuharibia gauni." Na kweli, tuliporudi ulikuwa unavuta nywele zangu. Leso ile tukaifua, tukaikunja, akaniambia nikuwekee.

Sasa nikuambie kilichonitoa usingizi. Mama Jeni, yule mwanamke anayeuza kuku mpaka huko kwenu, alipita hapa. Nikampa chai. Nikamuuliza habari zako, akasema u mzima, umenawiri. Halafu akacheka peke yake. Nikamwambia, toa. Akasema, "Mkwe wako siku hizi anateka maji mwenyewe. Anapita na debe mbele ya wanaume wenzake, wanamwita Bi Yakobo, na yeye anapita tu."

Baba yako akasema, "Labda amejifunza kazi."

Senje akamjibu, "Wewe kaka, wewe ulijifunza kazi lini? Mwanamume hatekangi maji bure."

Kisha wote wawili wakaniangalia mimi, na mimi nikaangalia sufuria.

Sikuulizi. Unajua kwetu jambo hilo haliulizwi, halitajwi, wala halishonewi nguo kabla halijafika. Mimi nashona blanketi tu, na blanketi ni ya mtu yeyote. Lakini pindo linataka kujua, Mmbone. Nikikunja, leso inabaki nzima, na inajua kazi yake. Nikikata, imekatika, haitabeba mtu tena. Mkasi uko juu ya meza, naupita nikienda, naupita nikirudi.

Mwaka uliopita habari ilipotufikia kwamba mtoto hakukaa, barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Nilipofika Lugari ulikuwa umeshaamka kitandani, unapalilia. Ulinawa mikono ukanipikia chai. Hukulia mbele yangu, nami sikulia mbele yako. Tukaongea habari ya mahindi. Mahindi ya shamba la Mzungu, jinsi yanavyorefuka, jinsi udongo wa huko ulivyo mweusi. Njia yote ya kurudi nilikuwa nafikiria yale mahindi. Nimechoka na yale mahindi, mwanangu. Nimechoka kukuuliza mvua imenyesha, na wewe unaniambia imenyesha.

Ndiyo maana barua hii nampa Mama Jeni mkononi. Yeye hasomi, na ataificha chini ya kuku, ambapo hakuna mtu mwenye akili ataingiza mkono. Lakini jibu lako litapita pale dukani kwenu, na najua barua za pale zinafika zimeshasomwa. Kwa hivyo usiandike mengi. Andika salamu za watu wote, halafu neno moja. Andika "kunja", au andika "kata". Atakayesoma ataona wanawake wanahangaika na blanketi, atarudi kwenye sukari yake.

Ukiandika "kunja", nitakunja, lakini pembe moja nitaiacha bila kushona. Hiyo nitaimalizia huko huko kwako, siku yake, nikiwa nimekalishwa na kupewa chai. Na leso nitakuja nayo begani.

Ukiandika "kata", sitauliza neno lingine. Nitaikata mwenyewe, sitamwachia Senje. Usidhani nitakuwa nimekosa kitu. Blanketi ya mtu mkubwa nayo ina joto, na wewe pia ni mtoto wangu. Leso iliyokubeba mgongoni itakuzunguka pande zote nne, na miguu yako haitaguswa na baridi.

Kula, hata kama chakula hakina ladha. Obusuma wa moto, si ugali wa jana. Usiiname sana shambani. Hilo ningemwambia mtu yeyote.

Jibu upesi, nakuomba. Shule ya Petro inakaribia kufunga, na akifunga anakuja huko kwenu, yeye ndiye atakayebeba blanketi. Tena Senje ameanza kuunoa mkasi, anasema ulikuwa butu. Mimi nimekaa juu ya leso ninapoandika haya, asije akanisaidia.

Ni mimi mama yako,
niliyekubeba mpaka Iguhu na kurudi nawe.