Jiwe la Visigino

Mpendwa Shangazi,

Salamu za Matisi, hapa Kitale, ambako kunanyesha kila alasiri na chai haijui maji, ni maziwa matupu.

Lile jiwe lako la kusugulia visigino, alilokuja nalo marehemu bwana yako kutoka kazi ya meli, nimemwonyesha mwalimu wa jiografia wa hapa shuleni. Akalilowesha, ikatokea mistari myeupe na myeusi kwa zamu. Ati ile myeupe ni maganda ya vimea vidogo mno vya bahari: vilistawi msimu mzuri, vikafa, vikazama. Ile myeusi ni tope la mvua. Jozi moja, mwaka mmoja.

“Na mbona minyoo wa topeni hawakuivuruga?” nikauliza.

“Huko chini maji hayakuwa na hewa, bana. Mnyoo angeishi vipi?” Kisha akaligeuza. “Na hii miaka ya juu nani ameila?”

Nikaangalia mvua.

Anataka libaki shuleni. Nimemwambia mwenyewe yuko Malakisi, ataamua. Narudi nalo Jumamosi, pamoja na brashi ya miguu, ndio uchague bila presha.

Siku zote unalalamika mzee hakukuletea kitu ila jiwe. Kumbe alikuletea bahari, Shangazi, nawe nusu yake umeimalizia visiginoni.

Visigino visalimie.

Wako,
Wafula