Masanduku ya Marereni

Kakuyuni,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Voi, goti limepoa, na mjukuu mpya amejifunza kulala ili nawe upate kulala. Sisi huku tu wazima, twamshukuru Mungu. Mkweo Dena anakusalimu sana. Watoto wanaendelea na shule, na yule kuku wako mweusi uliyeniachia ametotoa tena nyuma ya ghala ingawa hakuna aliyemruhusu. Joto tu ndilo linalotutesa, maana masika bado, na kila anayepita njiani hutazama juu kama anayedai.

Najua utauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Mama, wewe na simu hamjapata kupatana. Neno moja nakurudia mpaka sauti inanikauka, na mwisho wanijibu habari za mbuzi. Leo nina habari ambayo sitaki ikufikie vipande vipande. Kwa hiyo Kabibi, dada yangu, wewe utakayemsomea, nakuomba msomee taratibu, na usiruke kwenda mwisho. Nakujua. Tangu utoto wewe huanza hadithi kwa kuuliza nani amekufa. Humu hakufa mtu.

Mama, wayakumbuka mabibo? Miaka yote tulikuwa twachuma korosho na tunda tunaliacha lioze chini ya mikorosho, nzi wakala karamu. Msimu huu hayakuoza. Kikundi chetu cha akina mama kimejifunza kuyafanya mvinyo! Aliyetufundisha ni jirani yangu Bridgit, yule wa kutoka bara aliyekuwa akifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya Malindi. Hoteli ilipofungwa, wenzake walirudi makwao, yeye akasema pwani imeshamzoea. Basi tuliyakamua yale mabibo, tukauondoa ukakasi kwa uji mwepesi wa mchele, tukatia sukari na hamira, tukayaacha mapipa kivulini yakinong'ona yenyewe kwa yenyewe, hata yakanyamaza. Kilichotoka, mama, kina rangi ya asali mbichi na harufu inayokufanya ufumbe macho.

Usiwe na hofu, hatujauza hata glasi. Tumeomba kibali, na afisa wa kilimo ametuambia tukipeleka chupa zetu kwenye maonyesho ya Mombasa zikaonjwa na wanaojua, mambo yetu yatanyooka. Lakini mpaka wakati huo ni lazima mvinyo ulale ukomae. Hapo marehemu baba angecheka. Yeye mnazi wake aliugema asubuhi ukanyweka kabla ya jua kuchwa, na mtu aliyetaka kuuweka alimwambia akafungue duka la siki.

Chupa tulizipata bure, zile tupu za mahotelini, tukazichemsha na kuzitia vizibo. Bridgit akatuambia mvinyo una tabia za mgonjwa: hutaka giza, hutaka baridi, hutaka kulala ubavu ili kizibo kisikauke, na hautaki kutikiswa. Wanawake wakatazamana, kila mmoja akiifikiria nyumba yake na watoto wake. Mimi, kwa kiherehere changu unachokijua, nikasema zije kwangu, nina nafasi chini ya kitanda. Sikukumbuka kwamba juu ya kitanda kuna mabati.

Siku ya tatu tu, mchana, tumeketi twala, chupa ya kwanza ikalia paa! Kabla sijashusha tonge, nyingine ikaijibu, kisha nyingine. Dena akalala kifudifudi sakafuni huku akinivuta kanga. Jirani yetu Mwambire akapiga ukelele kwamba majambazi wameingia kwa Dena, na watu wakaja mbio na mapanga. Walichokikuta ni mimi, nimesimama katikati ya dimbwi la mvinyo, nalia na kucheka kwa pamoja. Tangu siku hiyo watoto wa njiani humpigia Dena saluti.

Kucheka tumecheka, lakini mama, niliumia. Jasho la wanawake wote wale, na nguvu ya msimu mzima, viliwekwa mikononi mwangu. Wenzangu hawakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Zilizosalia nikazifunika kwa magunia yenye maji, nikaapa kwamba sitapumzika mpaka nimepata chombo cha kuzihifadhi, na kiwe cha bei ambayo mfuko wetu utaiweza.

Nilianzia Malindi mjini. Kwenye duka moja kubwa niliona rafu nzuri ya mbao nyeusi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Muuzaji akanitajia bei, nikadhani ametaja ya kitanda kilichokuwa kando yake, kumbe kitanda kilikuwa nafuu! Nikajaribu kreti za soda, lakini hizo husimamisha chupa kama askari gwaridani. Nikajaribu makapu ya ukindu, na mama, yalikuwa yanapendeza, lakini chupa ziligongana zikalia kama njuga, na moja ikavunjika shingo. Mwisho nikakusanya katoni madukani, bure kabisa. Nilifurahi mno. Mchwa nao walifurahi kunishinda mimi.

Nilikuwa nimeanza kukata tamaa ndipo mama mmoja anayepeleka maembe Mombasa aliponisikia nikimlilia Bridgit sokoni. Akanicheka kwanza. Kisha akaniambia maembe yake husafiri ndani ya masanduku ya fundi mmoja wa Marereni. Fundi huyo huchukua paleti zilizochakaa, zile za kupangia magunia kwenye maghala ya chumvi, akazivunja na kuziunga upya. Ubao wenyewe umekunywa chumvi miaka mingi, mchwa akiuonja hutema. Na bei yake, akasema, mtu mwenye jogoo mmoja mnene hakosi masanduku ya kujaza jiko. Mama, nilimkumbatia yule mwanamke palepale kati ya mafungu ya nyanya.

Siku ya pili yake mimi na Bridgit tuliifunga chupa moja tupu ndani ya leso iwe kipimo chetu, tukapata nafasi kwenye lori la chumvi lililokuwa likirudi tupu. Sikuwa nimefika Marereni tangu niolewe. Vilima vya chumvi vinang'aa hata macho yanauma, na upepo ukikulamba mdomo waonja chakula. Tuliulizia fundi wa masanduku, tukaonyeshwa nyumba iliyo nyuma ya makazi ya vibarua, uani pamejaa mbao na maranda.

Fundi mwenyewe hakuwapo; alikuwa bado kwenye zamu yake kiwandani. Tulipokewa na mkewe, mwanamke mrefu, mpole, ambaye lafudhi yake ilimfanya Bridgit aulize papo hapo kwao ni wapi. Wakawa wanaulizana habari za bara kama watu waliolelewa nyumba moja. Mimi nilikuwa sina masikio. Nimeliona sanduku! Limegawanywa vyumba kwa vipande vyembamba vya mbao, na kila kipande kimekatwa mviringo juu. Mke wa fundi akaniambia waliwahi kumtengenezea mtu mwenye duka la asali. Nikaifungua leso, nikailaza chupa. Mama, ililala kama mtoto aliyeshiba! Tumbo limekaa chumbani mwake, shingo imelala kwenye kile kipande, haisogei, haigongi. Nikalitikisa sanduku, kimya. Nikamwita Bridgit, tukashikana mikono tukaruka kama wasichana.

Kabibi, hapa pumzika kidogo. Mpe mama maji. Mama, kama umesimama, kaa.

Yule mwanamke alipoona jasho linavyotutoka alimwita mtoto wake aliyekuwa akicheza nyuma ya nyumba. Alisema, "Sidi, waletee wageni maji."

Mama, jina lako lina watu wengi, najua. Lakini nililiacha sanduku nikageuka. Akaja msichana, umri wake labda wa kupoteza meno ya mbele, ameishika kata kwa mikono miwili, na kipaji chake cha uso, mama, kipaji hicho mimi hukiona kila ninapokutazama wewe. Nikayanywa maji bila kujua nakunywa nini. Kisha nikamuuliza taratibu jina lake zuri amepewa la nani. Akanijibu bila kusita, kama mtoto aliyefundishwa, "La hawe wangu, mamake baba. Yuko Jilore. Baba atanipeleka nikamwone."

Jilore kwetu, mama! Nikaketi juu ya sanduku. Bridgit akadhani ni jua. Lakini yule mwanamke alinitazama usoni, akamtazama Sidi, akanitazama tena, na mikono ikampanda kichwani. Aliniuliza kama mimi ni Kache. Nikamuuliza kama yeye ni Easter. Hatukuhitaji kuulizana tena.

Ndiyo, mama. Ni Kaingu. Nimempata mwanao. Kaka yangu yu hai, ni mzima, ana mke na mtoto.

Tulimtafuta Mombasa, tukatuma maneno hata kwao Easter huko bara, kila aliyetoka mbali tukamshika mkono na kumuuliza. Kumbe alikuwa Marereni, mahali unapoweza kwenda na kurudi kabla chungu hakijapoa.

Alirudi kutoka zamu yake wakati wa alasiri, chumvi imemkauka kwenye nyusi. Nilimjua kwa mwendo, ule wa baba, wa kutanguliza bega la kulia. Alianza kutusalimu kama anavyosalimu wateja, kisha akanitazama vizuri. Hakuniuliza nimefikaje. Hakuniuliza habari ya mtu mwingine yeyote. Alisema, "Kache, mama yuko?"

Nikamwambia, "Yuko. Na kila siku anakutaja."

Basi akapiga magoti pale kwenye vumbi la randa, kaka yangu mtu mzima, akalia hata Sidi akaja akamshika shingo. Mimi nami nikalia, na Easter, na Bridgit asiyejua lolote akalia kuliko sote.

Baadaye alinieleza. Wajua jinsi alivyoondoka, baba alipomkatalia Easter kwa kuwa hakuwa mtu wa kwetu, wakatoleana maneno ambayo hakuna aliyetaka kuyarudisha. Habari ya kifo cha baba ilimfikia wakati mazishi yamekwisha. Alikuja, mama. Alifika hata njia panda ya Jilore, akawaona watu wanarudi kutoka matangani, akasimama kando ya njia. Akajiambia kwamba mwana asiyetia mchanga kwenye kaburi la babake hana macho ya kumtazama mamake. Akageuka. Na aibu ni kama ile chumvi yao, mwaka hadi mwaka huongeza tabaka. Mtoto alipozaliwa walimpa jina lako kama ilivyo ada, na kila mwaka alimwahidi kwamba mwaka huu watakwenda.

Nilimwambia mambo makali kidogo, siwezi kuficha, kuhusu mama anayezeeka akingoja. Aliyasikiliza yote. Kisha akachukua ile chupa yetu akaipima.

Masanduku ameyaleta mwenyewe Alhamisi, na bei hakutaka kuisikia. Wanawake wa kikundi wamemlipa kwa kuku, mahindi na vigelegele. Tumeyapanga kwenye lile jiko letu la zamani la udongo na makuti, ambamo hata saa saba mchana mna ubaridi. Hakuna chupa iliyolia tena. Dena na Kaingu wamekaa mlangoni wakibishana kuhusu bawaba utadhani hawajapotezana hata siku moja. Easter na Bridgit wanapika. Sidi anamkimbiza yule kuku wako na vifaranga wake, nami nashindwa kumkataza.

Mama, Kaingu alitaka kupanda basi la kwanza aje Voi. Mimi ndiye niliyemzuia, kwa kuihofia presha yako, nikasema kwanza usikie, ulie, ulale, uamke ukiwa umeshajua. Jilore bado hajaenda. Anasema hataliona kaburi la baba mpaka wewe uwe umemshika mkono. Kwa hiyo ukiwa tayari mwambie Kabibi anipigie simu. Hana haja ya kusema mengi. Akisema tu "njooni," tutakuja sote, na kama goti lako litakuruhusu, tutarudi nawe kabla mvua haijaharibu barabara.

Nisalimie shemeji, umbusu mtoto kwa niaba yangu, na usimwache Kabibi abebe maji mapema. Bridgit anakusalimu ingawa hamjaonana. Dena anasema chupa moja imetengwa kwa ajili yako na hairuhusiwi kwenda maonyesho. Mungu akuweke, mama, akutie nguvu ya furaha, maana furaha nayo ina uzito wake.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kache.

Mama, nafasi hii ya chini nilimwachia yeye. Tangu nimpe kalamu amejaribu kwenye karatasi nyingine, akazichana na kuanza upya, na alichoandika ni hiki tu:

Shikamoo mama. Ni mimi, Kaingu.