Kuinuka Kutoka kwa Ngozi

Jumamosi jioni. Kitengela leo ni upepo na vumbi, nguo nilizoanika zimechafuka zote, lakini wacha tu. Nimerudi kutoka Isinya nikiwa na furaha.

Mjukuu wangu amenyolewa nywele za kuzaliwa leo. Kwetu Wamaasai, nyanya hukaa chini kwenye ngozi ya ng'ombe, mtoto mapajani. Akishanyolewa, nyanya anainuka naye na kumpelekea mama yake.

Hiyo ngozi ilikuwa inaninyima usingizi.

Dada yake huyu mtoto aliponyolewa, nilikaa vizuri, kuinuka nikashindwa. Uzito na magoti. Mtoto akapewa mtu mwingine, mimi nikavutwa makwapa kama ng'ombe amekwama kwa tope. Walicheka kwa upendo. Nilienda nikalia chooni.

Ndio nikaanza kutembea asubuhi na jirani yangu Mama Halima, mwenye duka la nguo. Aki sisi! Tulikuwa tunamalizia kwake, chai ya maziwa na mandazi, kesho yake kwangu. Na utakataaje chai ya mtu? Nikaongeza uzito badala ya kupunguza. Dada wa mazoezi ya viungo, kwenye kliniki ninakotibiwa magoti, alicheka mpaka akashika meza.

"Mama, chai kunyweni, sukari na mandazi muache," akasema. "Na kila ukikaa kwa kiti, inuka, kaa tena, inuka. Polepole, bila kushika."

Magoti yalizoea. Sukari ndiyo ilinitesa. Mama Halima alininunia karibu wiki nzima, akidhani nadharau chai yake, halafu naye akapunguza. Sijakuwa mwembamba, tusidanganyane, lakini sketi ya kanisa sasa inazunguka kiunoni.

Leo wembe ulipomaliza, wamama walikuja mikono mbele kuniinua.

Nikawaambia, "Niacheni kidogo."

Nikageuka upande, nikapiga goti moja, mkono mmoja chini, mwingine umemkumbatia mtoto. Goti likalia ka! Nikasukuma.

Nikasimama.

Nikatembea mpaka kwa Naserian, mke wa mwanangu, nikampa mtoto wake. Hakuna aliyepiga makofi. Wamama walikuwa wameshaanza kuimba, ni kama nyanya kuinuka ni jambo la kawaida tu. Nilisikia raha ambayo siwezi kueleza.

Sasa najiuliza: huyu mtoto akianza kukimbia, nitamshika kweli?