Nimemteka Mtoto wa Mtakatifu Antonio

Mpendwa Mama Ermelinda, mshauri wetu, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana nikichelewa mtaa wetu wote wa Alfama utanicheka hadi nizeeke. Mimi ni Leonilde, mshonaji, na kila msichana hapa Lisboni anajua kwamba Mtakatifu Antonio akichelewa kukupa mchumba unampokonya Mtoto Yesu aliyembeba mikononi na humrudishii mpaka mume apatikane, ila wenzangu hufanya hivyo kwa kisanamu cha nyumbani, na cha kwetu kilivunjwa na paka, basi nikaenda kanisani kutandika vitambaa vya altare, nikaona hakuna mtu, nikamchomoa yule wa sanamu kubwa, ile inayobebwa kwenye maandamano ya sikukuu Jumamosi hii! Padri akawaka, akamtuma Abílio, mmoja wa wabeba sanamu, atafute nyumba kwa nyumba, na huyo Abílio, Mama, ana mabega na ana kicheko, akafika kwetu, akala sadini wa kuchoma, akarudi kesho yake, na kesho yake tena, kila siku anafunua mto uleule wa kiti, na mimi namsaidia kutafuta! Jana mama yangu mzazi akamwambia, "Kaa, mwanangu, nikupikie supu," akanyoosha mkono kwenye sufuria nilimomficha Mtoto, nikapiga yowe, "Panya!" na Abílio akapanda juu ya kiti. Nampenda, Mama. Nikikiri ataniona mwizi, nisipokiri mtakatifu atapita barabarani mikono mitupu. Nifanyeje?

*

Leonilde, mwanangu, nimecheka mpaka miwani ikaanguka. Sasa tulia nikugombeze.

Una wazimu? Desturi ni ya kisanamu cha kabatini, si cha parokia nzima! Tena mume umeshaletewa hadi mlangoni, anakula sadini wenu, na bado umemng'ang'ania Mtoto wa watu. Hiyo sasa ni tamaa.

Lakini hebu niambie, mtaa wenu una nyumba moja tu? Mwanamume anayefunua mto uleule wa kiti kila siku hatafuti sanamu, binti. Na anayepanda kiti kwa panya wa uongo hawezi kukutia pingu kama mwizi.

Leo hii mtoe sufuriani, mpanguse, umkabidhi Abílio mkononi na useme, "Nilimchukua kwa sababu nilitaka mume." Kisha funga mdomo, usianze kulia. Akinuna, mwache aende, mtakatifu bado ana kazi. Akicheka, nendeni nyote wawili kwa Padri, naye akikufokea inamisha kichwa, umeyataka mwenyewe.

Jumamosi vaa gauni lako zuri, usimame pale wabebaji wanapotua kupumzika, na maji kikombe kimoja tu, cha Abílio. Wengine watajitafutia.